Laza Tawi: Miwaridi ya Kukwea katika Bustani za Nairobi

Pita mitaa yenye kuta ndefu, kuanzia Lavington hadi Runda, na utaona jambo lile lile. Mwaridi umeegemezwa ukutani, shina limesimama wima kama mlingoti, chini ni miiba mitupu, na maua yote yamejazana juu kabisa karibu na nyaya za umeme, ambako jirani ndiye anayeyafaidi. Mwenye bustani ameongeza mbolea, amepiga dawa, ameulaumu udongo. Udongo hauna kosa. Tawi halikulazwa.

Humu nitasema kukwea, maana "kupanda" lina kazi mbili kwa mtunza bustani, kutia mche ardhini na kuparamia ukuta, na maelezo yangechanganyika. Ukweli ni kwamba mwaridi haukwei wenyewe. Hauna vikono kama mkarakara wala vijizizi vya kung'ang'ania ukuta. Hutupa matawi marefu yakaegemea kichaka kilicho karibu, na miiba iliyopinda ikayanasa hapo. Ukutani hakuna cha kunasa, kwa hiyo kazi ya kushikilia ni yako.

Sababu ya kulaza ni hii. Ncha ya tawi hutengeneza oksini, homoni inayoteremka kwenye shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Tawi likiwa wima, ncha inatawala na ni macho mawili matatu ya juu tu yanayopata nafasi. Ukililaza, utawala huo unalegea na karibu kila jicho linaamka.

Chagua tawi la mita 2 na nusu, nene kama kidole kidogo, ambalo bado lina ukijani. Fanya kazi alasiri, jua likiwa limelilegeza. Asubuhi na mapema tawi limejaa maji na huvunjika kwa mlio. Shika kwa mkono mmoja karibu na shina, pale mkunjo utakapoanzia, na kwa mkono wa pili uliteremshe kidogo kidogo. Likigoma, acha. Lifunge hapo hapo kwenye mwinamo wa nyuzi 45, kisha rudi baada ya wiki mbili uliteremshe tena. Ncha ibaki imeinuka kidogo. Ukiiinamisha kuelekea chini, jicho lililo kwenye kilele cha mkunjo litatoka kwa nguvu zote na mengine yatabaki yamelala. Baada ya siku kumi hivi, macho ya upande wa juu huvimba na kuwa mekundu kama vichwa vya njiti za kiberiti. Kila moja litatoa kitawi kifupi chenye maua, na wiki 6 hadi 8 baadaye ukuta wote una rangi, toka chini hadi juu. Wakati wa baridi ya Julai ongeza wiki moja au mbili.

Kufunga nako kuna namna yake. Kamba ya katani ndiyo bora, kwa sababu huoza baada ya mwaka hivi, na ukisahau haitalinyonga tawi. Pitisha kamba kwa umbo la nane, kitanzi kimoja kikubwa kwa tawi na kimoja kwa waya, ili tawi lisisuguane na chuma. Waya mwembamba na kamba za nailoni hukata gamba pindi tawi linaponenepa, na jeraha hilo ni mlango wa ugonjwa. Kwenye uzio wa senyenge usisuke matawi ndani ya matundu. Miaka mitatu baadaye huwezi kuyatoa bila kuukata mmea wote. Yafunge kwa mbele.

Kuhusu nyaya zenyewe: waya wa geji 12 usioshika kutu, wa kwanza sentimita 45 kutoka ardhini, na mingine kila baada ya sentimita 40. Acha mwanya wa sentimita 8 hadi 10 kati ya waya na ukuta, hewa ipite. Ukuta wa mawe ya kuchonga unatobolewa kwenye jiwe lenyewe. Kiungio cha saruji cha kuta nyingi za mipaka ni dhaifu, na plagi ya skrubu itachomoka mmea mzima ukiwa mzito kwa maji ya mvua. Waya wa juu kabisa uwe angalau nusu mita chini ya uzio wa umeme. Jani bichi likigusa waya wa umeme baada ya mvua, king'ora kitaanza kulia usiku wa manane, na asubuhi atatumwa mtu mwenye panga.

Sasa aina. Vitabu vingi vya mawaridi vimeandikwa Uingereza, ambako mmea hulala miezi minne kwa baridi kisha huamka. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na mchana wa saa 12 mwaka mzima, mwaridi haulali. Hilo ni neema, lakini linaziondoa aina kadhaa mapema. Albertine na jamaa zake wanaochanua mara moja kwa mwaka hungoja baridi kali iwape ishara, na hapa watakupa majani na miiba. Zile zinazofaa ni zenye damu ya Uchina, ambako ndiko ilikotoka tabia ya kuchanua tena na tena, hasa makundi ya Tea na Noisette. Kundi la Noisette lilianzia Charleston, South Carolina, mwanzoni mwa karne ya 19, mahali penye joto, na linaonyesha hivyo.

Kama ningelazimika kutaja mmoja tu ningetaja Climbing Iceberg, uliotolewa mwaka 1968. Ni mweupe, una miiba michache, matawi yake hukubali kulazwa, hufika mita 3 hadi 4, na hauchoki kuchanua. Hauna harufu ya kutajika, na hilo ni hasara ya kweli. Kwa harufu tafuta Compassion wa mwaka 1972, wa rangi ya waridi iliyochanganyika na machungwa. Matawi yake ni magumu mno, kwa hiyo anza kuyaelekeza yakiwa na sentimita 60. Ukingoja yafike mita mbili yatavunjika mkononi. Madame Alfred Carrière wa mwaka 1879 ni Noisette unaovumilia kivuli kidogo, ila unataka ukuta mpana. New Dawn wa mwaka 1930, ambao mwaka uliofuata ulipata hataza ya kwanza ya mmea kutolewa Marekani, ni imara sana, lakini miiba yake haifai karibu na mlango au mahali watoto wanapocheza. Pierre de Ronsard, unaopendwa sana kwenye picha, una maua mazito yenye petali nyingi; mvua ya Aprili ikishika siku nne mfululizo, matumba hugandamana na kuoza kabla hayajafunguka. Uweke chini ya upenu wa baraza au usiuweke kabisa.

Tahadhari moja ya jina. Golden Showers ni mwaridi wa njano wa mwaka 1956, mzuri kwa nguzo. Ukiagiza "golden shower" kwenye vitalu vyetu utapewa mmea mwingine kabisa, ule utambaao wenye maua ya machungwa unaofunika mageti mengi ya jiji hili. Sema "mwaridi" kwanza, jina baadaye.

Vitalu vya kando ya barabara, kama vile vya Barabara ya Ngong na ya Kiambu, mara nyingi huuza kwa rangi: mwekundu wa kutambaa, mweupe wa kutambaa. Mingi ya miche hiyo ni mawaridi ya kukata ya shambani yaliyoota kutokana na vipandikizi, na hayatakwea kamwe. Tazama tawi refu. Katika mwaridi wa kukwea, tawi jipya hurefuka kupita mita moja likiwa halina ua kwenye ncha, na maua hutokea kwenye vitawi vya pembeni vya tawi la zamani. Kama kila tawi linaishia kwa ua likiwa na sentimita 60, hicho ni kichaka cha kawaida. Halafu omba kuona mizizi. Uvimbe kama koliflawa kwenye shina ni ugonjwa wa bakteria usio na tiba. Vifundo vidogo kama shanga kwenye mizizi ni minyoo fundo. Mche wa namna hiyo usiuchukue hata ukipewa bure, maana unaleta tatizo la miaka mingi kwenye udongo wako.

Mahali pa kupanda panahitaji hesabu ambayo vitabu vya kigeni vinakosea kwetu. Tuko karibu kabisa na ikweta, upande wa kusini. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri limeelekea kaskazini, na Desemba limeelekea kusini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kusini haupati jua la moja kwa moja katika miezi ile ile ya mawingu na ubaridi, Juni hadi Agosti, na hukaa na unyevu hadi saa sita mchana. Huo ni uwanja wa ukungu. Ukuta unaotazama mashariki ndio wangu wa kwanza, kwa sababu jua la asubuhi hukausha umande mapema. Unaotazama kaskazini unafuata. Wa magharibi unafaa, ila Januari na Februari mawe yake hutunza joto hadi usiku na utitiri hufurahia.

Upande wa udongo, Nairobi ni miji miwili. Magharibi na kaskazini kuna udongo mwekundu wa volkano, wenye kina na unaopitisha maji, ambao mwaridi unaupenda. Kusini na mashariki, kuelekea Embakasi, Syokimau na Kitengela, kuna ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Chimba shimo la sentimita 45, lijaze maji, rudi kesho yake. Maji yakiwa bado yapo, usichimbe zaidi. Shimo lenye udongo mzuri ndani ya udongo mweusi ni bakuli, na mizizi itaoza humo. Jenga tuta la sentimita 45 kwa mawe, upana wa mita moja, ujaze udongo mwekundu na mboji.

Kwenye udongo mwekundu, shimo ni sentimita 60 kila upande, na liwe umbali wa sentimita 45 kutoka ukutani. Chini ya ukuta mvua haifiki, na msingi una chokaa ya saruji. Changanya udongo wa juu na debe moja na nusu la samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu, na mikono miwili ya unga wa mifupa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Inamisha mche uelekee ukutani. Mahali palipobebeshwa, yaani aina moja ilipounganishwa juu ya shina la nyingine, pale penye nundu, pawe juu kidogo ya udongo. Ushauri wa kuizika nundu hiyo ni wa nchi zenye barafu. Kati ya mche na mche acha mita 2 na nusu hadi 3. Panda mvua za masika zinaposhika, au mwishoni mwa Oktoba. Baada ya hapo mwagilia lita 20, yaani jerikeni moja, mara mbili kwa wiki pasipo mvua, taratibu na chini kabisa. Kama maji yako ni ya kisima kirefu, angalia majani machanga: yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, maji yana magadi na mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma. Kinga maji ya mvua ya paa kwa ajili ya miwaridi.

Nije kwa majirani wa mwaridi, sehemu ambayo watu hukosea kwa nia njema. Mwaridi wa kukwea una shina tupu kwa chini hata ukilazwa vizuri, na mguu wake unataka kufunikwa. Lakini jirani huyo asishindanie maji, asizibe hewa, na asidai udongo wa tabia tofauti. Ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye shina mimi siweki kitu ila matandazo: majani makavu au nyasi zilizokatwa zikakauka, unene wa sentimita 5, zisiguse shina.

Lavenda inapendekezwa kila mahali. Rangi zinapendeza pamoja, hilo sikatai, lakini lavenda inataka udongo maskini na mkavu ilhali mwaridi unataka samadi na jerikeni. Ukiziweka shimo moja, lavenda hukua ndefu na laini kisha huoza katikati baada ya masika ya pili. Iweke ukingoni, sentimita 75 kutoka kwenye mwaridi, mahali palipoinuka kidogo, na uchague ile yenye majani ya meno meno, ambayo huchanua bila kungoja baridi. Ya Kiingereza hapa huchanua kwa kusitasita. Rozmari ina sheria hiyo hiyo.

Kwa sehemu ya kati, jeraniamu, alisamu nyeupe na vitunguu vya majani ni majirani wapole. Ninayempenda zaidi ni dania. Panda mbegu kidogo kila wiki tatu, vuna ya kachumbari, na uache mistari miwili ichanue. Maua yake madogo meupe yana asali ya wazi ambayo nzi wa maua wanaweza kuifikia kwa midomo yao mifupi, na viluwiluwi wa nzi hao hula vidukari wa mwaridi. Hata sukuma wiki karibu si hatari: vidukari vya kijivu vinavyojazana kwenye sukuma ni spishi nyingine isiyoshambulia mwaridi, na hulisha wadudu rafiki wale wale. Sharti lake ni zito. Ukipanda vya kula karibu na miwaridi, dawa kali za maua hazipigwi tena hapo. Dawa zinazopenya ndani ya mmea hazioshwi kwa maji ya bomba.

Kitunguu saumu kinasemekana kufukuza madoa meusi, ugonjwa wa ukungu wa majani ya mwaridi. Hakifukuzi. Ni jirani mzuri mwenye mizizi mifupi, na kinatosha kwa hilo.

Mmea wa pili wa kukwea pamoja na mwaridi unawezekana, ukichagua mwepesi na ukiusubiri mwaridi utimize miaka mitatu. Klematisi mwitu wa nyanda zetu za juu, wenye maua madogo meupe, unafaa ukikatwa hadi sentimita 50 kila Februari. Thunbergia alata, ule wa maua ya machungwa yenye jicho jeusi, nao ni mwenyeji, lakini ng'oa nusu yake kila miezi mitatu. Bogenvilia, mkarakara na ile golden shower ya machungwa zitaufunika mwaridi ndani ya misimu miwili. Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni nyasi ya Kikuyu. Hupita chini ya ardhi, huingia katikati ya mizizi na haitoki. Kata ukingo wa sentimita 20 kwa sepeto kuzunguka kitanda, na urudie kila mwezi wakati wa mvua.

Magonjwa hufuata majira kwa uaminifu. Januari na Februari ni utitiri: majani yana vidoa vya kijivu na utando mwembamba kwa chini. Piga maji kwa nguvu chini ya majani mara tatu kwa wiki. Machi hadi Mei ni madoa meusi, ambayo mbegu zake zinahitaji jani lililolowa kwa saa 7 hivi ili ziote. Ndiyo maana kumwagilia majani jioni ni kuualika ugonjwa. Okota majani yaliyoanguka, uyachome au uyatupe, yasiingie kwenye mboji. Juni hadi Agosti ni ubwiri: ule wa unga mweupe juu ya majani machanga, unaodhibitiwa na salfa, na ule wa vinyoya, unaoacha mabaka ya zambarau na kuangusha majani kwa siku chache. Huu wa pili ndio wa kuogopa. Dawa ya kopa, yaani ya shaba, husaidia ikipigwa mapema, lakini nafasi ya hewa kati ya mmea na ukuta husaidia zaidi.

Vidukari vichache kwenye matumba haviui mmea. Vikizidi, kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji kwa lita 4 za maji, jioni, kwenye ncha.

Miaka miwili ya kwanza usipogoe. Ondoa vilivyokufa tu, na matawi yote marefu uyalaze. Kuanzia mwaka wa tatu, kazi kubwa ni nusu ya kwanza ya Februari, wakati majeraha hukauka upesi: vitawi vyote vilivyochanua vikatwe vibaki na macho mawili au matatu, tawi moja la zamani zaidi likatwe hadi chini, na jipya lilazwe mahali pake. Siku hiyo hiyo toa majani yote ya zamani kwa mkono. Hayo ndiyo hubeba ugonjwa kuingia masika, na kwa mmea usiolala, kuyatoa ndiyo likizo pekee unayoweza kuupa. Septemba pogoa kidogo kwa ajili ya maua ya Novemba. Mvua ikishaingia, vijiko vinne vikubwa vya mbolea ya NPK 17:17:17 kwa kila mmea, kila baada ya wiki 8, kwenye udongo uliolowa, sentimita 30 kutoka kwenye shina.

Chipukizi likitokea chini ya nundu, hilo ni la shina la kubebea, mara nyingi Natal Briar, linalotumika sana katika mashamba ya mawaridi ya Kenya. Fukua hadi linapoanzia na ulinyofoe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi, macho yaliyobaki kwenye kisiki chake yatatoa matatu.

Na mwaridi wa zamani ukifa, usipande mwingine mahali hapo mwezi huo huo. Mche mpya utadumaa, hata uwe mzuri namna gani, kwa sababu udongo ule umechoshwa na mizizi ya mtangulizi wake. Ondoa udongo kwa kina na upana wa sentimita 60, ulete mwingine kutoka mahali ambako mwaridi haujawahi kuota. Kama minyoo fundo ilikuwepo, jaza kitanda chote miche ya marigodi mifupi, sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine, ikae miezi minne. Mizizi yake hutoa kemikali inayowadhuru minyoo hao, lakini ni kwa msongamano huo tu. Miche mitatu pembeni haibadilishi kitu. Mwisho wa miezi hiyo ifukie, ngoja wiki tatu, halafu chimba shimo.